Nyumba ya Muda, Kazi ya Kudumu

Kila anayejifunza Kiswahili hukutana mapema na methali isemayo, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Walimu huipenda kwa sababu ya sarufi yake: kiambishi -sipo- hubeba sharti lenye kukanusha, na -ta- huleta matokeo ya baadaye. Lakini methali hiyo ina jambo jingine ambalo hatulitaji darasani. Humfikiria msikilizaji kuwa mwenye ukuta. Humwambia kwamba ukuta ukianguka, gharama ni yake, na kibali cha kuujenga upya ni chake pia. Je, mtu ambaye ardhi chini ya ukuta si yake, na ambaye hajui kama mwakani atakuwapo, ana sababu gani ya kuziba ufa?

Kusini-magharibi mwa Uganda, katika mji wa Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, swali hilo limeishi kwa zaidi ya miaka 60. Nakuomba tulifuate pamoja, kwa kuwa ndani yake mna msamiati wa nyumba na mna somo la uraia.

Kambi na makazi

Tuanze na maneno mawili. Kambi ni mahali pa kupiga hema kisha kuondoka: askari hupiga kambi, na asubuhi huivunja. Makazi hutokana na kitenzi kukaa, sawa na mkazi na mkaaji. Uganda imezoea kuwapokea wakimbizi wengi katika makazi: mtu hugawiwa kipande cha ardhi, ajenge na alime, asikae tu akisubiri mgao wa chakula.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya aina hiyo barani Afrika. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na wengi wa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda kufuatia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Wakati huo eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Ankole. Leo limo katika wilaya ya Isingiro. Watu hao walidhani watarudi kwao baada ya muda mfupi. Wengi walikaa miaka zaidi ya 30, na watoto waliozaliwa Nakivale wakapata watoto wao palepale. Baada ya Julai 1994 wengi walirejea Rwanda, huku wakimbizi wapya wakiingia: Wanyarwanda wengine, Warundi, Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1996 na 1998, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Leo Nakivale ina watu zaidi ya 100,000, na Kiswahili cha Wakongo na Warundi husikika sokoni kila siku.

Tazama jinsi neno nyumba lenyewe linavyowaunganisha wengi wao. Mnyankole wa Mbarara husema enju. Mnyarwanda na Mrundi husema inzu. Mswahili husema nyumba. Ni maneno ya Kibantu yaliyotembea njia mbalimbali.

Kazi isiyokwisha

Mgeni anapofika katika makazi, mara nyingi hupewa turubai. Turubai la shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5. Ni kitambaa cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya dharura. Jua hulichosha, upepo hulichana pembeni, na panapokunjwa ndipo panapotoboka kwanza. Hivyo mwenye turubai huanza mapema kujenga ukuta wa udongo.

Jifunze hatua zake, kwa maana kila hatua ina kitenzi chake. Nguzo huchimbiwa ardhini. Fito hufungwa juu ya nguzo, mstari kwa mstari. Udongo hukandwa kwa maji, kisha ukuta hukandikwa. Zingatia tofauti hiyo: kukanda ni kuulainisha udongo kwa mikono au miguu, kukandika ni kuubandika kwenye fito. Mwishoni paa huezekwa kwa nyasi, kwa turubai lilelile, au kwa mabati uwezo ukipatikana. Wengine hutumia matofali mabichi, yaani ya udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa. Matofali ya kuchoma hudumu zaidi, lakini tanuri hula kuni nyingi, na kuni ni haba mahali penye watu wengi.

Nyumba ikishakamilika, kazi ndiyo kwanza inaanza. Katika sehemu hizo mvua huja mara mbili kwa mwaka, takribani Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Kila msimu hupiga ukuta kwa pande mbili: matone yanayosukumwa na upepo humomonyoa ubavu wa ukuta, na maji yanayoruka kutoka ardhini hula sehemu yake ya chini. Kwa hiyo miezi mikavu ni miezi ya ukarabati. Nyufa huzibwa. Ukuta husiribwa upya kwa udongo laini, mara nyingi uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na Ankole ni nchi ya ng'ombe. Sehemu ya chini huongezewa udongo na kushindiliwa. Mtaro unaoizunguka nyumba huzibuliwa, ili maji yapite kando na yasituame msingini. Vichuguu vyembamba vya mchwa vinavyopanda juu ya nguzo hukwanguliwa kabla mti haujaliwa ndani.

Paa la mabati nalo lina madai yake. Bati la mawimbi lilibuniwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulipaka chuma zinki ili kisishikwe na kutu. Lakini zinki haizuii kutu milele. Hutangulia kuisha penye tundu la msumari na pale bati moja linapolalia jingine. Mwenye nyumba mwangalifu hupanda juu kabla ya Septemba, akabadilisha misumari iliyolegea na kuziba matundu kwa lami. Isingiro ni wilaya yenye ukame wa mara kwa mara, kwa hiyo paa hilo ni chombo cha kukingia maji pia: mfereji wa paa ukiziba kwa majani, pipa halijai, na mtu atafuata maji mbali kwa mguu.

Hapo ndipo penye kinaya cha Nakivale. Nyumba ya matofali ya kuchoma na saruji, iliyojengwa na mtu mwenye hati ya ardhi, inaweza kuvumilia miaka kadhaa bila kuguswa sana. Nyumba ya udongo, inayoitwa ya muda, haivumilii hata mwaka mmoja. Aliyeambiwa kwamba yupo kwa muda ndiye anayefanya kazi isiyo na likizo. Akiiacha nyumba misimu michache, udongo hurudi ardhini, na mpita njia hatajua kwamba pale palikuwa na mlango.

Mbarara: nyumba zilizokosa mkono

Huenda ukadhani kwamba nyumba za mjini, zenye saruji na hati, zilikuwa salama. Historia ya Mbarara haikubaliani nawe.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Waasia walikuwa wafanyabiashara katika miji mingi, Mbarara ukiwemo. Maduka na nyumba zao ziliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zilizoachwa, na wengine wakagawiwa. Majengo hayo yalikuwa imara, yenye mabati na kuta nene. Hata hivyo mengi yao nchini yalichakaa. Aliyegawiwa jengo hakujua atalikalia mpaka lini, na bodi haikuwa na uwezo wala ari ya kuyatunza yote. Sheria ya kuwarudishia wenyewe mali hizo ilipitishwa mwaka 1982, na wengi waliorejea miaka ya baadaye walikuta paa zinazovuja na mabomba yaliyokufa.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania, yakaua na kuharibu. Majeshi ya Tanzania yalipouteka mji wa Mbarara Februari 1979, majengo mengi ya mji yalilipuliwa kwa baruti ili kulipiza kisasi. Ufa wa namna hiyo hauzibwi kwa udongo.

Na Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa makwao. Baadhi yao walikuwa wakimbizi. Wengine walikuwa raia wa Uganda. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakaporwa. Maelfu walisukumwa hadi mpaka wa Rwanda, na maelfu wengine wakakimbilia makazi ya wakimbizi, Nakivale yakiwamo. Fikiria mtu aliyekuwa ameondoka katika makazi miaka mingi nyuma, akanunua shamba, akaezeka mabati, kisha akarudi kukanda udongo mahali alipoanzia.

Katika miaka 10 tu, basi, Mbarara ilionyesha njia tatu za nyumba kufa: kwa kukosa mtunzaji, kwa baruti na kwa moto. Katika zote tatu, mvua haikuwa na hatia. Kilichovunjika kwanza ni uhakika wa mtu kwamba nyumba ni yake na kesho ataikuta.

Sheria inasemaje

Mwanafunzi wa uraia hana budi kujua maandishi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inasema kwamba ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Asiye raia anaweza kuipata kwa kukodi tu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zinampa mkimbizi aliye katika makazi haki ya kuitumia ardhi aliyogawiwa, kwa kilimo au malisho, lakini zinamkataza kuiuza, kuikodisha au kumhamishia mtu mwingine. Tofautisha maneno mawili hapa: haki ya kutumia na haki ya kumiliki. Ya kwanza humruhusu mtu kuziba ufa. Ya pili ndiyo ambayo ingemwezesha kuuza ukuta aliouziba, au kuuweka rehani apate mkopo wa mabati.

Wapo pia wanaoishi Mbarara kwa kupanga chumba, raia na wakimbizi. Kwao ipo Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, ambayo humtaka mwenye nyumba aipangishe ikiwa inafaa kukaliwa na binadamu. Ni vyema mpangaji alijue hilo kabla ya kutia mkono mfukoni ili kuziba paa la mtu mwingine.

Kwa nini, basi, huziba?

Turudi kwenye swali letu. Wakazi wa Nakivale hawana hati, nao huzitunza nyumba. Jibu la kwanza ni rahisi: mvua haiulizi hati. Mtoto hulowa usiku uleule, awe wa raia au wa mkimbizi. Jibu la pili linahusu jirani. Mtaro wako ukiziba, maji huingia kwake. Choo chako cha shimo kikijaa na kufurika, ugonjwa hauchagui mlango. Utunzaji wa nyumba huanza kuwa jambo la umma hapo hapo, kwenye mpaka wa viwanja viwili.

Wakazi hawa walikuja na majina ya kazi za pamoja. Mkongo mwenye umri mkubwa anakumbuka salongo, kazi ya lazima ya usafi wa umma chini ya Mobutu. Mnyarwanda anajua umuganda, ambao leo Rwanda huufanya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Waganda wana bulungi bwansi, na Kiswahili kina msaragambo. Majina hayo hayana ladha moja. Mtu aliyelazimishwa kufagia barabara kwa hofu ya askari haufurahii ufagio kama aliyeitwa na jirani. Mtaro ni uleule, lakini aliyeamriwa na aliyekubaliana na wenzake hawajifunzi uraia mmoja.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba bidii ya mkimbizi inatosha mahali pa haki. Mbarara ya miaka ya 1970 na 1980 inatufundisha kwamba nyumba husimama juu ya udongo na juu ya sheria, na kwamba sheria ikibomoka hata saruji haiokoi. Nakivale nayo inatufundisha kwamba mtu huanza kuwa mkazi kabla ya kuandikwa kuwa raia: kwa kuzibua mtaro, kwa kusiriba ukuta kabla ya Septemba, kwa kumwazima jirani ngazi. Nchi inayouona utunzaji huo miaka 30 au 60 na bado inauita wa muda inapaswa kujiuliza neno muda lina maana gani.

Kazi yako wiki hii ni hii. Zunguka nyumba unayoishi, iwe yako, ya kupanga au ya wazazi. Andika sentensi 10 kuhusu ulichokiona, ukitumia vitenzi kuziba, kusiriba, kuezeka, kuzibua, kushindilia na kukwangua. Mbele ya kila sentensi, taja ni nani anayepaswa kuifanya kazi hiyo: wewe, mwenye nyumba, majirani kwa pamoja, au serikali ya mtaa. Pale utakapokosa jibu, muulize mkubwa wa nyumba, kisha tulijadili darasani.