Kinini: neno lililotoka katika ganda la muti

Huku Kongo, zaidi upande wa mashariki, na kwa majirani wetu wa Rwanda na Burundi, kidonge kinaitwa kinini. Kiwe cha kichwa, cha tumbo ao cha minyoo, ni kinini tu. Wengi wanadhani ni neno la bankambo. Hapana. Ni jina la dawa moja ya malaria ambayo Wafaransa wanaita quinine, na dawa ile ilitoka katika ganda la muti.

Muti wenyewe ni kinkina. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kule ganda lake chungu lilianza kutibu homa, na kwa miaka ya 1600 mapadri Wajezuiti walilipeleka Ulaya. Likasagwa, likanywewa ndani ya divai. Lakini ganda moja lilikuwa na nguvu, lingine halina kitu, na mgonjwa hakujua amekunywa gani. Mwaka 1820, kule Paris, Pelletier na Caventou walitenga ndani ya ganda kile chenye kuponya. Tangu hapo munganga aliweza kupima: huyu mtoto, kiasi hiki, huyu mukubwa, kiasi kile.

Tusisahau Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia aliyejua miti ya kinkina kuliko wazungu waliokuwa wakimtuma. Mbegu alizozitafuta ziliuzwa kwa Waholanzi mwaka 1865, zikapandwa Java, zikatajirisha wengine. Yeye alifungwa na kupigwa, akafa. Mwenye ujuzi alikosa faida, na hata jina lake wachache wanalijua.

Katanga, reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, na mji wa Élisabethville, leo Lubumbashi, ulianza mwaka ule ule. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia, Kasai, Rwanda na kwingine. Malaria haikuuliza kabila. Kinini ilikuwa dawa ya wazungu iliyojulikana kuliko zote, na vidonge vingine vilipokuja, vilikuta jina liko tayari.

Tena si lazima kwenda mbali. Wabelgiji walipanda kinkina Kivu, na kituo cha INEAC cha Mulungu kiliichunguza. Japani ilipoteka Java mwaka 1942, dunia ilikosa kinini, na mashamba ya Kongo yakawa na bei kubwa. Baadaye kiwanda cha Pharmakina, Bukavu, kilitoa kinini kutoka maganda kwa miaka mingi. Kwa hiyo dawa iliyoitwa ya kizungu ilikuwa inavunwa na mikono ya Wakongomani, katika udongo wa Kongo.

Na bankambo wetu walikuwa na nini? Walikuwa na pori. Wabemba wanajua munsokansoka: ganda na mizizi yake vinachemshwa kwa homa na kwa tumbo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepita kwa waganga wa mji, wakaandika majina ya miti, wakaipeleka maabara. Njo njia ile ile ya mwaka 1820: kusikiliza kwanza, kisha kupima.

Kupima si dharau kwa bankambo. Hata kinini yenyewe, ukizidisha, masikio inalia, macho inaweza kuharibika. Chini Uchina, Tu Youyou alisoma vitabu vya zamani, akafika kwenye artemisinini mwaka 1972, na akapata Nobel mwaka 2015. Leo dawa zinazotoka humo zimechukua nafasi ya kinini kwa malaria kali. Lakini OMS haikubali chai ya majani yale iwe tiba ya malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani. Mtoto akiwa na homa kali, apelekwe lopitali upesi. Na mzazi aseme wazi kwa munganga ni muti gani amekwisha kunywa.

Sasa kuna jambo linalotuuma. Pori la miombo pembeni ya Lubumbashi linarudi nyuma kila mwaka. Linakuwa makala ya kupikia bukari. Muchoma makala hachagui muti wa dawa na muti wa moto. Hata mchimba dawa, akizungusha kisu na kutoa ganda lote, anaua muti. Wazee walikata upande mmoja tu, ili muti ujiponye.

Basi kila jamaa ifanye kazi mbili. Ya kwanza, tukae na wazee, tuandike jina la kila muti katika lugha yetu, kazi yake, sehemu inayotumika, na hatari yake. Ya pili, tupande ile inayopungua. Kinkina iliacha jina katika kinywa chetu. Miti yetu ikiisha, itabaki majina bila dawa.