Radiumu ilivyotolewa katika jiwe



Watu wengi wakisikia jina la radiumu wanafikiri kwanza miali yake, ile inayopita katika mwili wa mtu na kuwaka gizani. Vitabu vya shule navyo vinafuata njia hiyo. Vinasimulia kwamba Marie Curie na bwana wake Pierre, pamoja na Gustave Bémont, walitangaza radiumu katika Paris tarehe 26 Desemba 1898, kisha vinaruka mpaka zawadi ya Nobel ya mwaka 1903. Miaka iliyo katikati inapewa maneno mawili matatu juu ya uvumilivu. Sisi tunaona kwamba habari yenyewe imo katika miaka hiyo. Mwaka 1898 walikuwa wamepata alama tu ya kitu kipya. Kitu chenyewe hakuna aliyekiona. Wana shimi wengi walisema: tupeni kitu cha kupima katika mizani, ndipo tutasadiki. Na ili kukipata, Marie Curie hakutumia chombo chochote kigeni. Alitumia moto, maji, asidi na masufuria, akafuata sheria ile ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shimi anaisoma na kuisahau upesi: kila kitu kina kipimo chake cha kuyeyuka katika maji.

Tuieleze sheria hiyo kwanza, maana pasipo hiyo mengine yote hayasikiki. Tia sukari katika chai, koroga. Inapotea machoni, lakini ukionja unaikuta. Endelea kutia, utafika wakati sukari inabaki chini ya kikombe hata ukikoroga namna gani. Maji yameshiba. Basi kipimo cha kushiba kinageuka kwa moto na baridi, tena si sawasawa kwa vitu vyote. Gramu 100 za maji yenye digri 20 zinapokea karibu gramu 36 za chumvi ya kula; maji yanayochemka yanapokea 39 tu. Ndiyo maana wazee waliopika chumvi hawakungoja maji yapoe, walichemsha mpaka yakaisha. Kloruri ya bariumu ni tofauti. Katika digri 20 inayeyuka nayo karibu gramu 36, lakini katika maji yanayochemka inafika 59. Ukiyashibisha maji motoni, kisha ukayaacha yapoe, gramu 23 hivi zinaanguka chini, nazo zinakuwa kristali safi. Ukitaka kuzirudisha, unatia maji mengine na moto. Tulikumbuke jina la bariumu, maana radiumu ilikuwa imejificha ndani yake.

Jiwe waliloanza nalo linaitwa pechblendi, jeusi na zito sana, nalo lilitoka Joachimsthal, katika Bohemia, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya mfalme wa Austria. Kule walichimba uraniumu kwa kutia rangi katika vioo. Wakiisha kuitoa uraniumu, mabaki ya jiwe waliyatupa msituni. Serikali ya Austria ikawapa akina Curie tani ya mabaki hayo. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini radiumu ilibaki katika takataka, isiende pamoja na uraniumu? Jibu ni lile lile la kuyeyuka. Sulfati ya radiumu ni kati ya vitu vigumu kabisa kuyeyuka: litri nzima ya maji inapokea miligramu mbili hivi tu. Asidi ilipoichukua uraniumu, radiumu ilikataa kwenda, ikakaa chini pamoja na bariumu, risasi, chokaa na mchanga. Walichokitupa ndicho kilichokuwa na mali.

Kazi ya kwanza, ile ya tani kwa tani, ilifanyiwa kiwandani chini ya uangalizi wa André Debierne. Walichemsha mabaki pamoja na soda kali, wakayaosha, wakayatia asidi kloridiriki. Sehemu isiyoyeyuka waliipika katika karbonati ya soda iliyo kali sana, ili sulfati igeuke kuwa karbonati. Na karbonati, tofauti na sulfati, inakubali asidi. Hapo radiumu iliingia katika maji kwa mara ya kwanza. Kisha wakaiangusha tena kwa asidi sulfuriki, wakaiyeyusha tena, wakaisafisha. Mwisho, katika tani moja ya mabaki walipata kilo 8 hivi za kloruri ya bariumu yenye radiumu ndani yake. Nguvu ya miali yake ilikuwa mara 60 ya nguvu ya uraniumu. Kwa mtu wa leo zinaonekana kidogo, lakini radiumu iliyo safi inapita uraniumu zaidi ya mara milioni. Basi katika zile kilo 8, karibu zote zilikuwa bariumu. Radiumu ilikuwa imezimuliwa ndani yake, kama tone la maziwa katika pipa la maji.

Hapa ndipo pagumu. Bariumu na radiumu ni vitu vya jamaa moja, karibu kila dawa inayoshika kimoja inashika na kingine. Tofauti iliyobaki ni ndogo: kloruri ya radiumu inayeyuka kidogo kuliko ya bariumu. Tena tusidhani kwamba maji yakipoa, radiumu inaanguka peke yake. Haiwezi. Ni chache mno kuyashibisha maji yake. Kama ingekuwa peke yake katika sufuria ile ingebaki yameyuka daima. Inaanguka kwa sababu inachukuliwa na bariumu. Kristali za bariumu zinapojengwa, radiumu inaingia katika jengo kama jiwe la kipimo kile kile, na inaingia kwa wingi kuliko bariumu yenyewe. Marie Curie aliona kwamba kristali zilizoanguka zilikuwa na nguvu mara tano hivi kupita chumvi iliyobaki katika maji.

Mara tano ni mali nyingi ao chache? Tufanye hesabu. Tuseme nusu ya kloruri inaanguka na nusu inabaki. Katika kila sehemu 6 za radiumu, 5 zitakuwa katika kristali na 1 katika maji. Kristali zimekuwa tajiri mara 1.67 kuliko chumvi ya mwanzo, si zaidi. Ukiyeyusha kristali hizo na kuzipoza tena, unapata mara 2.8. Ukirudia mara kumi, unapata mara 165. Ni vizuri, lakini tazama hasara: kama kila mara uliyamwaga maji yaliyobaki, ulimwaga pamoja nayo sehemu moja katika sita ya radiumu, na baada ya mara kumi umebaki na sehemu 16 tu katika 100. Mtu mwenye haraka angepata radiumu safi na kupoteza karibu yote.

Basi Marie Curie hakumwaga. Maji yaliyobaki katika sufuria ya kwanza aliyapika yakaongezeka ukali, akayapoza, akapata kristali maskini. Kristali hizo akaziunganisha na zile za sufuria nyingine zilizokuwa na nguvu sawa nazo. Hivyo akawa na safu ya vyombo: kwa upande mmoja vitu vinazidi kuwa tajiri, kwa upande wa pili vinazidi kuwa maskini. Kichwa cha safu alikitunza, mkia ulipokuwa hauna nguvu tena aliutoa. Kazi hiyo ilifanyiwa katika kibanda cha shule ya fizika na shimi ya mji wa Paris, huko rue Lhomond. Mwenyewe ameandika kwamba alishughulikia mpaka kilo 20 kwa mara moja, akikoroga vitu vinavyochemka kwa fimbo ya chuma karibu kubwa kama yeye.

Kuna jambo moja tena ambalo tunapenda kulionyesha kwa wanafunzi, kwa sababu ni la akili sana. Safu ilipokwenda mbele, kichwa chake kilikuwa tajiri lakini kidogo, gramu chache. Maji machache yanapoa upesi mno, na sehemu kubwa ya chumvi inabaki ndani yake. Afanyeje? Alitia asidi kloridiriki katika maji, na kila hatua aliongeza kipimo chake. Asidi hiyo ina kloru tayari. Maji yaliyo na kloru nyingi yanapokea kloruri chache. Kwa njia hiyo alipunguza kuyeyuka bila kuongeza baridi. Mwaka 1902 alikuwa na desigramu moja ya kloruri ya radiumu. Ni punje moja tu. Aliipima, akatoa uzito wa atomu wa 225. Siku hizi tunasema 226.  Akina Curie hawakuomba haki ya peke yao juu ya njia hiyo. Waliiandika wazi ili kila mtu aifuate.

Waliifuata Wamarekani. Jiwe lao, karnotiti ya Colorado, lilikuwa maskini. Kwa hesabu ya leo gramu moja ya radiumu inakaa pamoja na tani tatu za uraniumu; basi jiwe lenye sehemu mbili tu katika 100 za oksidi ya uraniumu, ni sharti upige zaidi ya tani 150 hata kama hupotezi kitu, nao walipoteza. Tarehe 20 Mei 1921, rais Harding alimkabidhi Marie Curie gramu moja iliyonunuliwa kwa michango ya wanawake wa Marekani. Ilikuwa imegharimu dola 100,000.

Mwaka ule ule ndio Katanga iliingia. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp alikuwa ameonyesha uraniumu huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa wakati wa Wabelgiji Jadotville. Union Minière ilinyamaza mpaka vita vikaisha. Desemba 1921 mizigo ya kwanza ilifika bandari ya Antwerpen, na Desemba 1922 kiwanda cha Olen, katika Ubelgiji, kilitoa radiumu yake ya kwanza. Njia ilikuwa ile ile ya Paris: sulfati, karbonati, kloruri, kristali na safu ya vyombo. Jiwe ndilo lililogeuka. Katika jiwe zuri la Shinkolobwe nusu nzima ilikuwa oksidi ya uraniumu, na tani saba ao kumi zilitosha kwa gramu moja. Bei ya gramu ikashuka toka dola 120,000 mpaka 70,000, na viwanda vya radiumu vya Marekani vikafungwa. Kwa miaka kumi hivi, mpaka jiwe la Kanada lilipoanza kushindana nalo, karibu radiumu yote iliyotiwa katika hospitali za dunia kwa kutibu saratani ilitoka katika udongo wa Katanga. Vitabu vinavyomsifu Marie Curie vinaitaja Bohemia. Shinkolobwe mara nyingi haimo. Na mikono iliyochagua mawe meusi kati ya mawe mengine kabla hayajafungwa katika magunia ilikuwa mikono ya watu wa huku.

Tuseme na juu ya hatari, kwa kuwa nayo ni habari ya wingi na uchache. Huko Marekani wasichana walipaka rangi ya radiumu katika saa ili zionekane usiku. Rangi ile ilikuwa imezimuliwa sana, radiumu chache mno ndani ya unga wa zinki. Walichonga brashi kwa midomo yao. Daktari Harrison Martland wa New Jersey alionyesha mwaka 1925 ginsi walivyokuwa wakifa. Kilichozimuliwa katika kopo kilikusanyika tena katika mifupa, maana radiumu ni ya jamaa ya chokaa vile vile, na mwili hauwezi kuzitofautisha. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani waliweka mpaka: mtu asiwe na zaidi ya mikrogramu 0.1 mwilini. Kwa kipimo hicho gramu moja inagawanyika kwa watu milioni kumi. Marie Curie alikuwa amekufa tayari, tarehe 4 Julai 1934, kwa ugonjwa wa damu.

Na uraniumu je? Kwa miaka hiyo yote Olen iliihesabu kama mkia wa safu. Waliiuza kidogo kwa kutia rangi katika vioo na vyungu. Mwaka 1942 mambo yaligeuka: tani 1,200 hivi za jiwe la Shinkolobwe, ambazo Edgar Sengier wa Union Minière alikuwa amezipeleka New York, zilinunuliwa na jeshi la Marekani, na tarehe 6 Agosti 1945 dunia ilijua kwa nini. Habari hiyo inataka makala yake yenyewe.

Radiumu inapungua kwa nusu katika miaka 1,600. Gramu iliyotolewa Olen mwaka 1922, popote ilipo sasa, imebaki na zaidi ya sehemu 95 katika 100 za nguvu yake, na mabaki ya kiwanda kile yamefungiwa huko huko Olen, chini ya ulinzi.