Barafu ya Sölden, Theluji ya Kibo na Maji ya Kigoma: Tupime Wapi Ongezeko la Joto?

Msimu wa Kombe la Dunia la kuteleza kwa skii hufunguliwa kila mwisho wa Oktoba juu ya barafuto ya Rettenbach, juu ya mji mdogo wa Sölden katika jimbo la Tirol, Austria. Mchezo wa hapo ni mmoja tu, slalomu kubwa. Kwa wanaume, mshindani huondoka karibu mita 3,040 juu ya usawa wa bahari, hushuka kimo cha mita 370 hivi akipinda baina ya milango ya fito na vitambaa, na hufika chini baada ya dakika moja na ushei. Hushuka mara mbili, kisha nyakati zake hujumlishwa. Kati ya mshuko wa kwanza na wa pili milango hupangwa upya, na wale 30 waliofanya vizuri zaidi huanza kwa mpangilio uliogeuzwa, wa 30 akitangulia. Kabla ya siku yenyewe wahudumu hudunga maji ndani ya theluji kwa mabomba yenye matundu, yagande usiku. Njia isipokuwa ngumu kiasi hicho, atakayeshuka wa 40 atakuta makorongo ambayo wa kwanza hakuyaona.

Mashindano hufanyika juu ya barafuto kwa sababu ya tarehe. Mwezi wa Oktoba theluji ya mabondeni haijaanguka, na ni bonge la barafu lililodumu tangu miaka ya nyuma tu linaloweza kuahidi njia. Ahadi hiyo sasa inalindwa kwa gharama. Theluji ya majira ya baridi hulundikwa, hufunikwa kwa vitambaa vyeupe kiangazi chote, kisha hutandazwa upya wakati wa vuli. Hata hivyo mwaka 2022 mbio za wanawake za Sölden zilifutwa kwa hali mbaya ya hewa, mvua ikiwemo, na mwaka 2023 upepo ulikatisha mbio za wanaume. Vuli hiyohiyo ya 2023 zilisambaa picha za makatapila yakivunja barafu ya Rettenbach ili kusawazisha njia, na mjadala mkali ukazuka Ulaya. Kwenye mpaka wa Uswisi na Italia hali ilikuwa mbaya zaidi: mbio zote nne zilizopangwa chini ya mlima Matterhorn mwaka 2022 zilifutwa kwa kukosa theluji.

Msomaji wa Kigoma ana haki ya kuuliza yanamhusu nini. Jibu lililozoeleka ni Kilimanjaro, na jibu hilo lina historia nzuri nyuma yake. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuteremka sehemu ya njia kwa skii. Barafuto iliyo karibu na kilele ikapewa jina la Furtwängler. Afrika Mashariki imewahi pia kutoa mshindani wake wa slalomu kubwa. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018. Kwa hiyo anayetafuta ndugu wa Rettenbach katika ardhi yetu huelekeza macho kaskazini mashariki, kwenye kile kilele cheupe cha mabango ya utalii.

Makala hii inadai kwamba macho hayo yameelekezwa pasipo. Kwa kisa cha joto linalopanda, ndugu wa kweli wa barafuto ya Rettenbach nchini Tanzania ni Ziwa Tanganyika.

Tuanze na Kibo, kwa kuwa hapo ndipo hoja itakapopingwa. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, mwanajiografia Desborough Cooley wa London alimkebehi. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Karne moja baadaye zilikuwa zimesalia chini ya mbili. Upungufu huo hauna ubishi. Ubishi upo kwenye sababu, na waliouchochea zaidi wametoka Tirol yenyewe. Georg Kaser na Thomas Mölg wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, mji mkuu wa jimbo lenye barafuto ya Rettenbach, walipima nishati inayoingia na kutoka katika barafu ya Kibo na kuona kwamba hewa ya pale juu kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri. Barafu hailiwi hasa na hewa ya moto. Inaliwa na jua linalopiga kuta zake zilizosimama wima na ukavu unaoigeuza kuwa mvuke bila kupitia hali ya maji, huku theluji ya kufidia ikiwa imepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19. Lonnie Thompson wa Marekani, aliyetoboa barafu hiyo mwaka 2000 na kusoma ndani yake kumbukumbu ya miaka ipatayo 11,700, analipa joto uzito mkubwa zaidi. Sikusudii kuwaamua. Inatosha kwa hoja yangu kwamba Kibo ni kipimo cha mvua na mawingu kabla hakijawa kipimo cha joto, na mwenye kukitumia kama kipimamjoto cha Afrika anajenga juu ya msingi unaogombewa.

Rettenbach haina utata huo. Barafuto za Alps zinalishwa na theluji ya baridi na kuliwa na kiangazi, na kiangazi kinapopata joto zaidi hesabu huingia hasara. Ziwa Tanganyika nalo lina hesabu yake.

Kina chake kinafikia mita 1,470, lakini maisha yanayotegemea hewa yamebanwa katika mita 100 hadi 200 za juu. Chini ya hapo hakuna oksijeni, na ndiko virutubisho vinakojikusanya, mabaki ya kila kinachokufa na kuzama. Maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 27. Ya chini yanazidi 23 kidogo. Tofauti hiyo ndogo inamdanganya mtu aliyezoea maziwa ya nchi za baridi. Maji yenye nyuzi 26 yakiongezwa nyuzi moja hupungua uzito zaidi kuliko maji yenye nyuzi 5 yakiongezwa hiyohiyo, kwa hiyo katika ziwa la joto hata nusu ya nyuzi inatosha kufanya tabaka la juu ligome kuchanganyika na la chini. Upepo wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndio unaovunja mgomo huo: husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na upande wa kusini maji baridi yakapanda na virutubisho vyake. Mwani hustawi, wadudu wadogo wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu, migebuka hula dagaa.

Mchuuzi wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, anayegeuza dagaa juani anauza, kwa maneno mengine, kazi ya baridi iliyopanda kutoka chini. Wavuvi wake wametoka ziwani alfajiri wakiwa na mitumbwi iliyounganishwa kwa boriti, taa zilizokuwa karabai na sasa ni za betri au sola, na usiku wa mbalamwezi wanapumzika kwa sababu taa hazishindani na mwezi. Baridi ya kilindini haimo katika hesabu zao za kila siku, lakini ndiyo mtaji wao, kama barafu ilivyo mtaji wa Sölden.

Mtaji huo unapungua. Mwaka 2003 Piet Verburg na wenzake, na Catherine O'Reilly na wenzake, walionyesha kwa nyakati zilezile kwamba ziwa limepata joto na kuchanganyika kwake kumedhoofika. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake wakatoa ushahidi ambao kwangu ndio mzito kuliko wote, kwa kuwa haukutegemea samaki. Walichukua tope la sakafu ya ziwa mbele ya Kalya, kusini mwa mkoa huuhuu wa Kigoma, wakapima mafuta yaliyoachwa na vijidudu, ambayo muundo wake hubadilika kufuata joto la maji. Matokeo: joto la uso wa ziwa mwishoni mwa karne ya 20 lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote katika miaka 1,500 iliyotangulia. Tope la Kalya linatoa ushuhuda wa joto ambao barafu ya Kibo, kwa ubishi wake, haiwezi kuutoa kwa uwazi huo.

Kuna upinzani wa haki. Jouko Sarvala, Mfini aliyefanya kazi katika mradi wa utafiti wa ziwa wa FAO na Finland miaka ya 1990, alijibu kwamba takwimu za mavuno zinaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya hali ya hewa. Meli kubwa za nyavu zilipoacha kazi, mavuno yao yalitoweka kwenye vitabu bila samaki kulazimika kutoweka majini. Naikubali tahadhari hiyo kwa mavuno, lakini haifiki kwenye tope. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walihesabu mabaki ya samaki na konokono ndani ya tope la ziwa na kuona kwamba kushuka kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara uliopamba moto miaka ya 1950. Mvuvi ameongeza mzigo, hakuuanzisha.

Tofauti inayobaki kati ya Sölden na Kigoma ni ya utunzaji wa kumbukumbu, na hapa naona kosa letu kubwa la kitaaluma. Chama cha Milima cha Austria kimepima barafuto za nchi hiyo tangu mwaka 1891. Wapimaji wengi ni watu wa kujitolea: kila vuli hupanda hadi kwenye mawe yaliyotiwa alama, wakapima umbali hadi ukingo wa barafu. Ndiyo maana makatapila yalipoonekana Rettenbach, mjadala ulikuwa na tarakimu za kusimamia. Ziwa letu limepimwa kwa vipindi vya wageni. Mbelgiji Louis Stappers alipima joto lake mwaka 1912 na 1913, wakati uleule Furtwängler alipokuwa na skii zake Kibo, na jina lake limebaki katika jina la kisayansi la mgebuka, Lates stappersii. Msafara mwingine wa Wabelgiji ulikuja mwaka 1946 na 1947, halafu mradi wa FAO na Finland. Kati ya vipindi hivyo kuna miaka mingi isiyo na kitu, na ni bahati tu kwamba tope liliendelea kuandika.

Pengo hilo lina matokeo ya kisera hivi leo. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 serikali ilifunga uvuvi upande wa Tanzania ili samaki wazaliane, na familia za Kibirizi, Katonga na Ujiji zikabeba gharama ya miezi mitatu. Ufungaji huo ulianguka katikati ya kusi, yaani katika majira ambayo kiasi cha virutubisho vinavyopanda huamua sehemu kubwa ya mavuno ya baadaye. Mavuno yakiongezeka baada yake, hatutajua kama sababu ni kufungwa kwa ziwa au kusi yenye nguvu. Yakipungua, mvuvi atalaumiwa kwa jambo ambalo huenda halikuwa lake. Vitambaa vyeupe haviwezi kufunika ziwa la kilomita za mraba 32,000 na zaidi. Lakini kamba yenye vipimajoto kutoka juu hadi mita 200, ikisomwa kila wiki nje ya ghuba ya Kigoma na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) kilichopo hapohapo, na matokeo yake yakabandikwa kwenye mialo pamoja na tangazo la kufunga na kufungua, inawezekana kabla ya kusi ijayo.