Kigamboni: Mji mpya wa kwenye ramani na wakazi waliozuiwa kujenga

KWA miaka kadhaa baada ya 2008, mkazi wa Kigamboni aliyetaka kuongeza chumba kimoja uani kwake alikabiliwa na swali ambalo hata ofisi ya serikali ya mtaa haikuwa na jibu lake: je, nyumba hiyo itakuwapo mwaka ujao?

Mwaka huo Serikali, kupitia Wizara ya Ardhi iliyokuwa ikiongozwa na John Chiligati, ilitangaza kuwa eneo hilo lililo ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam litaendelezwa upya kuwa mji wa kisasa, na uendelezaji wa watu binafsi ukasimamishwa.

Kata zilizoguswa tangu awali zilikuwa Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na Somangila, zote zikiwa wakati huo chini ya Manispaa ya Temeke. Ukubwa wa eneo ulitajwa kuwa hekta 6,494. Baadaye mipaka ilipanuliwa hadi kufikia hekta 50,934, ikameza pia maeneo ya pembezoni kama Kimbiji na Pembamnazi, ambako watu wengi waliishi kwa kilimo na uvuvi na hawakuwa wamewahi kujihesabu kuwa watu wa mjini.

Ramani ya mji huo, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Korea Kusini, ilionyesha maeneo ya biashara, utalii, elimu, viwanda na makazi ya ghorofa. Ilikuwa ramani ya kuvutia. Tatizo lilikuwa kwamba mahali ilipochorwa palikuwa tayari na watu, misikiti, makanisa, makaburi, minazi na nyumba za kupangisha ambazo kwa wastaafu wengi ndizo zilizokuwa pensheni yao.

Ili kusimamia kazi hiyo uliundwa Wakala wa Uendelezaji wa Mji Mpya Kigamboni, uliojulikana zaidi kwa kifupi cha KDA, wakati Profesa Anna Tibaijuka akiwa waziri mwenye dhamana ya ardhi. Hatua hiyo ilizua hoja nyingine. Wananchi walikuwa wamezoea kupeleka masuala ya viwanja na vibali katika manispaa yao, ambako wana diwani waliyemchagua. Wakala ulikuwa chini ya wizara, na mkazi hakuwa na mtu wa kumnyima kura endapo asingeridhika. Aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu 2010, Dk Faustine Ndugulile, aliyefariki Novemba 2024, alikuwa miongoni mwa waliohoji mwenendo wa mradi huo.

Ni makosa kudhani kuwa wakazi hao walikuwa wakipinga maendeleo. Wengi wao walikuwa wakipanga foleni kila alfajiri kusubiri pantoni ya kwenda Magogoni, na walijua kuliko mtu yeyote umuhimu wa barabara, maji na daraja. Walichokihofia ni kulipwa fidia ya bei ya shamba, kisha ardhi hiyohiyo kuuzwa kwa bei ya mji.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na inazuia kunyang'anywa mali hiyo bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, lakini inasisitiza pia fidia kamili, ya haki na inayolipwa haraka pale haki ya mtu inapoondolewa.

Kanuni za fidia za 2001 zilifafanua kinachopaswa kulipwa: thamani ya ardhi na maendeleo yaliyomo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, hasara ya faida kwa mwenye biashara kwa kipindi hichohicho, na gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 ndani ya kilometa 20.

Kilometa 20 hizo zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana katika karatasi. Mvuvi anayehamishwa kutoka Mjimwema na kupewa kiwanja bara, hata kama ni ndani ya umbali huo, amepoteza bahari. Mama anayeuza chakula jirani na kivuko hawezi kuhama na wateja wake. Kanuni zinaweza kukokotoa faida ya miezi 36 kwa mwenye vitabu vya hesabu na leseni. Kwa asiye navyo, ushahidi wa biashara yake ni moshi wa jiko na majirani wanaomfahamu.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa muda. Nyumba iliyozuiwa kukarabatiwa huchakaa, na thamani yake hushuka mbele ya mthamini. Benki husita kukopesha kwa dhamana ya jengo linalosubiri kubomolewa. Warithi hushindwa kugawana, na mnunuzi hujitokeza tu akiwa na bei ya kulalia. Kwa hiyo zuio hugharimu watu hata kabla tingatinga halijawashwa, na gharama hiyo haina safu yake katika fomu ya uthamini.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 ilijaribu kuziba pengo hilo. Inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, riba itozwe ikicheleweshwa, na uthamini usiolipwa ndani ya miaka miwili upoteze uhalali wake na kurudiwa. Kwa watu wa Kigamboni sheria hiyo ilikuja miaka minane baada ya tangazo la kwanza.

Mabadiliko yalianza kuonekana 2015, wakati William Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi. Eneo la mradi lilirudishwa kwenye hekta 6,494 za awali, na msimamo wa Serikali ukabadilika: badala ya kuhamisha watu kwa wingi, wenye ardhi wangepimiwa, wapewe hati na kuendeleza wenyewe kwa kufuata mpango, au kuuza kwa mwekezaji kwa bei watakayokubaliana. Hatimaye KDA ilivunjwa na shughuli za upangaji zikarejeshwa kwenye halmashauri.

Aprili 2016 Rais John Magufuli alifungua Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, linalounganisha Kurasini na Vijibweni, lililojengwa kwa fedha za NSSF na Serikali. Kigamboni nayo ikawa wilaya yenye manispaa yake. Sensa ya 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu 317,000, karibu mara mbili ya waliokuwapo 2012. Mji ulikuja, lakini kwa njia ya daraja na viwanja vya watu mmoja mmoja. Kwa upande mwingine, mradi mkubwa wa nyumba wa Dege, uliopangwa kuwa na nyumba 7,460, ulisimama 2016, na maghorofa yake yakabaki magofu mapya yanayotazama bahari.

Pamoja na hayo, suala la matumizi ya ardhi halijafungwa. Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa 2016 hadi 2036 ulizinduliwa 2020, wakati mpango uliotangulia ulikuwa wa 1979. Katika muda huo wote wa katikati jiji lilikua bila dira mpya, na makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kuwa takriban asilimia 70 ya wakazi wake wanaishi katika maeneo yasiyopimwa. Mpango mpya ukifika juu ya nyumba hizo, kila rangi katika ramani ina mwenyewe.

Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri, na wananchi wana haki ya kushirikishwa na kutoa pingamizi kabla mpango haujaidhinishwa. Mmiliki anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi kuwa hoteli, ghala au kituo cha mafuta hupaswa kuomba kibali, na kwa kawaida hutakiwa kutangaza kusudio lake gazetini ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Maombi hupitia kamati ya mipango miji ya halmashauri, ambamo madiwani huketi.

Matangazo hayo huchapishwa katika kurasa za ndani, kwa herufi ndogo, yakitaja namba ya kiwanja na kitalu. Jirani anayeijua nyumba hiyo kwa jina la mwenye nayo, au kwa mwembe ulio mbele yake, anaweza kuisoma namba hiyo na kufungua ukurasa wa michezo bila kutambua kuwa ni ukuta wa pili kutoka kwake.