Ramani ya Karatasi na Ramani ya Jembe

Vijana wenzangu, sisi wa Moshi tumezoea kuutazama mlima kama picha ya ukutani. Kibo mweupe, basi. Mimi jicho langu liko kwa Mawenzi, yule ndugu mwenye uso uliochanika. Upande wake wa mashariki miamba imepasuka na makorongo yamekatika kama yaliyopigwa shoka. Nani alithubutu kupachora?

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji. Bingwa mmoja wa jiografia kule London akambishia. Mwaka 1861 Baron von der Decken na Mwingereza Richard Thornton wakaja na vyombo vya kupimia. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kilele cha Kibo. Mawenzi, mwenye mita 5,149, aligoma hadi Julai 1912, walipomshinda Eduard Oehler na Fritz Klute.

Klute hakwenda kupanda tu. Alipiga picha za mteremko ule ule kutoka sehemu mbili ambazo umbali kati yake umeshapimwa, kisha akatafuta vimo na mabonde kwa hesabu. Ramani yake ni ya 1:50,000: sentimita moja ya karatasi ni nusu kilometa ya ardhi. Si mchezo!

Lakini soma majina kwenye ramani za leo. Korongo linaitwa Barranco, neno la Kihispania. Kilele kirefu cha Mawenzi kinaitwa Hans Meyer, mtu ambaye hakukifikia.

Kumbe kabla ya vyombo hivyo Wachagga walikwisha kuusoma mteremko. Walichimba mifongo, mifereji inayotoa maji mtoni kule juu na kuyapitisha kando ya mgongo wa kilima kwa mwinamo mdogo. Mwinamo ukizidi, maji yanabeba udongo, ukipungua, yanalala. Penye bonde waliyavusha kwa magogo yaliyochongwa. Na watu waligawana maji kwa zamu. Hiyo nayo ni ramani ya vimo, ila iliandikwa kwa jembe.

Tofauti ni moja. Ya karatasi inakaa maktaba. Ya jembe inakaa kichwani mwa mzee. Mfongo ukiachwa ukafukiwa, jina lake na la aliyeuchimba yanafukiwa pamoja nao.

Basi wewe unayetaka kuandika riwaya, usikimbilie kubuni majina. Chukua daftari, panda mgombani, muulize babu: maji haya yanatoka wapi, na nani aliyaleta?