Kisu cha Amani cha Bakuba

Je, kisu chaweza kufundisha amani? Wazee wa Bakuba wa Kasai husimulia kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, alikataza shongo, kisu cha vita cha kurusha. Mahali pake akaweka ikul, kisu cha kuvaa kiunoni.

Tazameni kazi ya fundi: bapa pana kama jani, mpini wa mti wenye kichwa cha mviringo, pengine na nakshi za shaba. Hata sanamu za wafalme, ziitwazo ndop, hushika ikul kwa mkono wa kushoto. Tatu zilifika British Museum, London, mwaka 1909.

Moto wa mhunzi ulikuwa uleule. Amri ya mfalme ndiyo iliyogeuza kazi yake. Basi, tuwaulize wazee wetu kabla hawajanyamaza.