Mraibu atibiwe au afungwe? Ijue mahakama ya tiba na njia zilizopo Katavi

Kijana anakutwa na kete za bangi Mpanda mjini. Mwingine anakamatwa kwa fujo, kalewa gongo. Wote wanapelekwa mahakamani, na ndugu wanauliza: hakimu hawezi kuwapeleka wakatibiwe badala ya jela?

Mahakama ya tiba ni nini?

Ni mahakama ya watu ambao chanzo cha kosa lao ni uraibu. Ya kwanza ilianza Miami, Marekani, mwaka 1989. Mshtakiwa anakubali kutibiwa, anapimwa mkojo mara kwa mara na kurudi kwa hakimu yuleyule kuangaliwa maendeleo. Akikaza, kesi inafutwa au adhabu inapungua. Akizingua, anabanwa, hata kuwekwa ndani siku chache.

Katavi ipo?

Haipo. Kesi zinakwenda mahakama za kawaida. Za dawa za kulevya zinaongozwa na sheria ya mwaka 2015, iliyokazwa mwaka 2017. Kuuza na kusafirisha kuna adhabu nzito kuliko kukutwa na kiasi kidogo cha kutumia.

Njia zilizopo kwa makosa madogo

- Kuachiwa kwa masharti, ambako wengi wanakuita kifungo cha nje: usitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12.
- Probesheni: unakuwa chini ya afisa probesheni, na hakimu anaweza kuweka masharti kama kuacha pombe.
- Huduma kwa jamii: kwa sheria ya mwaka 2002, kifungo kisichozidi miaka 3 kinaweza kugeuzwa kazi ya bure, mfano usafi hospitalini.

Hizi hazitolewi zenyewe. Hakimu anaamua kwa alichoelezwa, hivyo ndugu wasikae kimya. Kabla ya adhabu kutangazwa, mshtakiwa aeleze uraibu wake na kuomba atibiwe. Cheti cha daktari, taarifa ya ustawi wa jamii na ndugu aliye tayari kumsimamia vinasaidia sana.

Tiba yenyewe je?

Wengi wakisikia tiba wanafikiria methadoni. Dawa hiyo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Mbeya mwaka 2017, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Mpanda. Lakini inatibu uraibu wa heroini na jamii yake tu. Haitibu bangi wala gongo.

Kwa bangi na gongo, tiba ni daktari, ushauri nasaha na kufuatiliwa kwa miezi mingi. Hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji mahakama, hospitali na ustawi wa jamii kuongea lugha moja.

Hatari ya mahabusu

Mtu anayekunywa gongo kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege na kuona vitu visivyokuwepo ndani ya siku 2 au 3. Bila matibabu anaweza kufa. Ndugu yako akikamatwa, waambie askari mapema kwamba ni mnywaji sugu, na omba aonwe na daktari.

Pa kuanzia

Nenda ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapatikana bure kwa simu 119. Usisubiri siku ya hukumu.